Nani Amemshinda Nani? Namba na Ulinganishi katika Lugha za Kubuni

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi lililowafanya baadhi ya wenzangu wanitazame kwa jicho la huruma. Niliwaambia wagawanyike katika makundi, kisha kila kundi libuni lugha. Si lugha nzima, maana muhula ni mfupi. Nilitaka mambo mawili tu: maneno ya kuhesabia kuanzia moja hadi elfu, na njia ya kusema kwamba kitu kimoja kina sifa fulani kuliko kingine. Sharti lilikuwa kwamba lugha hiyo iweze kusemwa bila taabu na mtu aliyekulia Afrika Mashariki.

Nia yangu haikuwa mchezo. Mwanafunzi anayejifunza sarufi kwa kukariri kanuni huziona kama sheria zilizoshuka kutoka mbinguni. Akilazimika kutunga kanuni yeye mwenyewe, anagundua kwamba kila mahali palikuwa na njia nyingine ambayo lugha ingeweza kufuata. Nilipokea kazi sita, nikazisoma kwa siku mbili. Makala haya ni uhakiki wa kazi hizo, nikizipima pamoja na kazi za watu mashuhuri waliowahi kujaribu jambo hilohilo kabla yetu. Nitasema mapema kilichonikera, ili msomaji asije akadhani namaliza kwa mshangao wa kupanga: katika namba wanafunzi wangu walithubutu kurudi nyumbani kwao, lakini katika ulinganishi wote sita walikwenda shuleni. Na shuleni huko, kwa bahati mbaya, ni kwetu sisi walimu.

Tuanze na watangulizi. Mwaka 1880 padre mmoja Mkatoliki wa Ujerumani, Johann Martin Schleyer, alichapisha lugha aliyoiita Volapük. Mwaka 1887 Ludwik Zamenhof, daktari wa macho aliyezaliwa Białystok, alichapisha Kiesperanto kule Warsaw. Mwaka 1985 mwanaisimu wa Marekani, Marc Okrand, alitoa kamusi ya Kiklingoni, lugha ya viumbe wa sayari nyingine katika filamu za Star Trek. Na hapa Afrika, mwaka 1970, K. A. Kumi Attobrah wa Akrokerri, Ghana, alitoa Kiafrihili, lugha ambayo jina lake limeunganisha Afrika na Kiswahili. Wazo hilo lilimjia mwaka 1967 akiwa safarini baharini kati ya Dover na Calais. Alitaka bara zima liwe na lugha moja isiyokuwa ya mkoloni. Lugha hiyo haikupata wasemaji wa kutosha, ingawa hadi leo ina alama yake, afh, katika orodha ya kimataifa ya lugha.

Namba ni mahali pazuri pa kumpima mbunifu kwa sababu hapana nafasi ya kujificha. Schleyer alihesabu hivi: bal, tel, kil, fol, lul, mäl, vel, jöl, zül. Alipofika kumi akaona njia ya mkato. Katika lugha yake s ni alama ya wingi. Basi bals, yaani 'moja nyingi', ikawa kumi, tels ikawa ishirini, kils ikawa thelathini. Kwenye karatasi jambo hili linapendeza. Mpeleke sasa muuzaji wa nyanya katika soko la Owino, saa kumi na moja jioni, redio inalia na makondakta wanaita abiria. Umesema tel au tels? Tofauti ya mbili na ishirini imening'inia kwenye sauti moja nyembamba mwishoni mwa neno, mahali ambapo Mbantu amezoea kusikia irabu. Wafuasi wenyewe walilikubali kosa hilo baadaye: katika marekebisho ya Arie de Jong ya mwaka 1931, kumi ikawa deg na ishirini ikawa teldeg.

Zamenhof alikuwa makini zaidi. Sita ni ses, sitini ni sesdek, mia sita ni sescent. Ukishajua maneno kumi na mawili, unahesabu hadi maelfu bila kufungua kitabu tena. Isitoshe, kutokana na du, mbili, anakupa dua 'wa pili', duono 'nusu', duobla 'maradufu', duope 'wawili wawili', kwa viambishi ambavyo havibadiliki hata siku moja. Sisi tunaofundisha 'kwanza' iliyotokana na kuanza, kisha 'pili', kisha 'nusu, robo, thuluthi' za Kiarabu, hatuwezi kusoma hayo bila wivu kidogo. Hata hivyo naye aliteleza. Sita ni ses, saba ni sep. Jaribu kumtajia mtu namba ya simu yenye sita tatu na saba nne kwa lugha hiyo kwenye mtandao unaokatikakatika.

Hapo ndipo nilipowakumbusha wanafunzi jambo ambalo wengi wao hulitumia kila siku bila kulitazama. Chukueni sita ya Luganda: mukaaga. Sitini ni nkaaga. Mia sita ni lukaaga. Elfu sita ni kakaaga. Shina ni lilelile, kinachobadilika ni kiambishi cha ngeli, na kila ngeli inabeba daraja lake la ukubwa. Saba nayo: musanvu, nsanvu, lusanvu, kasanvu. Hata kumi huingia katika mwendo huo: kkumi, kikumi, lukumi. Schleyer alitafuta kitu kama hiki akakikosa. Aliweka tofauti mkiani mwa neno, na Luganda imeiweka kichwani, ambako sikio la msemaji wa lugha ya Kibantu huwa tayari linangoja, kwani ngeli huanzia huko. Mbinu hii haikubuniwa na mtu mmoja mezani kwake.

Nisije nikadhaniwa naipamba Luganda kupita kiasi. Ukitazama kwa makini utaona kwamba themanini si *nnaana bali ni kinaana, na tisini ni kyenda. Yaani katikati ya safari mashine imebadilisha jino. Ishirini hadi hamsini nazo zina njia yao ya amakumi. Mbunifu angesawazisha. Lakini mtoto wa Kampala hasawazishi, na hakosei.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, ambacho ndicho kinachotuweka mjini. Kila mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda amewahi kukutana na sentensi kama 'Nina watoto nane' au 'Nimenunua vitabu nane'. Tunachora duara jekundu, tunaandika 'wanane', 'vinane', tunaendelea. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Nilidhani mwanafunzi hajui upatanisho wa kisarufi. Lakini mwanafunzi huyohuyo huandika 'watoto watano' na 'vitabu vitatu' bila kosa. Kwa nini nane tu imshinde?

Jibu limo katika lugha yake ya kwanza. Katika Luganda, moja hadi tano hupatana na nomino: abaana bataano, ebitabo bitaano. Kuanzia sita, neno la idadi ni nomino lenyewe, lina kiambishi chake, halimfuati mtu: abaana mukaaga, abaana munaana, ebitabo munaana. Mpaka umewekwa kati ya tano na sita, na mtu hauvuki. Anapojifunza Kiswahili anakuta 'watoto sita' na 'watoto saba', anafurahi: kumbe mpaka ni uleule. Halafu anafika nane, na mpaka unaruka nyuma yake. 'Watoto wanane.' Kisha tisa, hapana tena. Hakuna mtu aliyemweleza kwamba sita, saba na tisa za Kiswahili ni wageni waliotoka Uarabuni, na mgeni havai viambishi vya ngeli, ilhali nane alibaki peke yake kati yao, mwenyeji anayeendelea kuvaa nguo za nyumbani.

Wenyeji waliohama wameacha alama zao. Tisa ilikuwa kenda, na bado tunaitaja kila tunaposema Mijikenda. Saba iliyokuwa mfungate imebaki katika fungate, zile siku saba za maharusi. Sita ilikuwa tandatu. Mwanafunzi wa Kampala akiyasikia maneno hayo anatabasamu, kwa sababu mwenda wa Luganda na Runyankore ni ndugu wa kenda huyo. Makumi nayo yanaeleweka ukilijua hilo. Kwa nini sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini zinafanana, lakini tatu na thelathini, nne na arobaini, nane na themanini hazifanani? Kwa sababu makumi yote yalikopwa, na katika vitengo ni vitatu hivyo tu vilivyokopwa pamoja nayo. Dakika tano za maelezo zingemwokoa mwanafunzi muhula mzima wa kukariri.

Kuna na kasoro moja ya Kiswahili ambayo mbunifu yeyote angeiziba siku ya kwanza. 'Shilingi elfu ishirini na tano' ni ngapi? Wengi watasema 25,000. Lakini maneno hayohayo yanaweza kumaanisha 20,005. Katika maandishi ya fedha tunajiokoa kwa kusema 'ishirini na tano elfu', au kwa mkato na pumzi. Luganda hapa haina tatizo, kwani elfu kumi ina jina lake, omutwalo, maana yake mzigo. Elfu ishirini na tano ni emitwalo ebiri mu enkumi ttaano, na hakuna wakili atakayeibishania. Mwanafunzi wetu anayefikiri kwa mitwalo analazimika kuivunja kila mara kabla ya kutamka bei kwa Kiswahili; ndiyo sababu anasita, na sisi tunadhani amesahau namba.

Wanafunzi wangu walifanyaje? Katika namba, vizuri kuliko nilivyotarajia. Makundi manne yalitumia kumi kama msingi, na mawili kati yake yaliiga viambishi vya ngeli vya Luganda, moja likiwa limesawazisha lile jino la themanini. Kundi la tano lilikopa maneno ya Kiesperanto kutoka kwenye intaneti, na nililipa alama linazostahili. Kundi la sita ndilo lililonifurahisha. Lilihesabu kwa tano: baada ya tano inakuja 'tano-moja', 'tano-mbili', na kuendelea. Nilipouliza wamepata wapi wazo hilo, dada mmoja wa Gulu aliandika ubaoni namba za Kiacholi: acel, aryo, adek, angwen, abic, kisha abicel. Tano ni abic, moja ni acel, sita ni abicel. Wenzake walioishi naye miaka miwili wakitaniana kuhusu lafudhi yake waliona kwa mara ya kwanza kwamba ndani ya sita yake kuna mkono mmoja na kidole. Darasa lilikaa kimya kidogo.

Ulinganishi ulikuwa habari nyingine.

Kazi zote sita, nasema zote, zilitoa jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza kivumishi cha kawaida. Safu ya pili kivumishi kilichoongezwa kiambishi au neno la 'zaidi'. Safu ya tatu kivumishi kilichofika kileleni. Kundi moja lilikuwa na -ka na -ko, jingine -mo na -mu. Yule dada wa Gulu na kundi lake, waliohesabu kwa mkono wa Kiacholi, walilinganisha kwa mkia wa Kiingereza.

Jedwali hilo lina ukoo. Schleyer alikuwa nalo: gudik 'zuri', gudikum, gudikün. Zamenhof aliyatoa mambo hayo nje ya neno, akaweka pli mbele ya kivumishi, ol kabla ya kile kinacholinganishwa nacho, na plej kwa kilele. Ni safi zaidi, lakini ngazi ni zilezile tatu. Tena alitaka kupunguza maneno ya kukariri, akatunga kiambishi mal- cha kinyume: granda ni kubwa, malgranda ni dogo, juna ni kijana, maljuna ni mzee. Kwa hesabu ya kamusi ni akiba kubwa. Kwa mtu wa kwetu ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba uzee umeelezwa kuwa ni kukosa ujana. Sidhani kama kuna mjukuu Uganda hii atakayemsalimu babu yake kwa jina hilo akapewa muwa.

Attobrah, ambaye tungetarajia aondoke kwenye njia hiyo, namwona akisumbuliwa na kivuli kilekile, ingawa kwa upande mwingine. Katika Kiafrihili mu ni 'ndani', to ni 'kwenda kwa', na zikiunganishwa zinazaa muto, ambalo ni neno la Kiingereza into lililovaa kanzu. Akachukua kupitia, ambalo sote tunalijua, akaliunga na paasa, 'nje', akapata kupitia-paasa, tafsiri ya throughout kipande kwa kipande. Msamiati umetoka Afrika na mifupa imetoka kwingine. Simlaumu sana, aliandika akiwa amesoma kama sisi tulivyosoma. Lakini kisa chake kinatuonyesha kwamba kuleta maneno ya nyumbani hakutoshi ikiwa umbo la wazo limeachwa lilivyo.

Kati ya wote, aliyenishangaza ni Okrand, aliyetaka kwa makusudi lugha isiyofanana na za wanadamu wa kawaida. Katika Kiklingoni husemi kwamba fulani ni jasiri kuliko fulani. Unaweka sentensi mbili ubavuni: ujasiri wa huyu ni mwingi, ujasiri wa yule ni mchache. Hakuna ngazi, hakuna kiambishi. Watazamaji wa filamu waliona ni ukali wa watu wa vita. Kumbe ziko lugha za wanadamu hapahapa duniani zinazolinganisha kwa kuweka kauli mbili ubavuni. Mwaka uleule wa 1985 mwanaisimu wa Uholanzi, Leon Stassen, alichapisha uchunguzi wake wa namna lugha za dunia zinavyolinganisha. Miongoni mwa njia alizozieleza kuna hiyo ya kauli mbili, kuna ya mahali, na kuna ya kitenzi cha kushinda au kupita, ambayo imeenea hasa Afrika.

Hiyo ya mwisho ndiyo yetu. Okello asinga Musoke obuwanvu, husema Mganda: Okello anamshinda Musoke urefu. Runyankore na Rukiga hutumia okukira kwa kazi hiyohiyo. Kiacholi, ambacho si cha Kibantu kabisa, hutumia loyo, kushinda. Kihausa kina fi. Hata Kiakan, lugha ya Attobrah mwenyewe, hulinganisha kwa kitenzi cha kupita. Ukitaka kilele huhitaji safu ya tatu: Okello y'asinga obuwanvu, yeye ndiye anayeshinda kwa urefu. Ashinde mmoja, ashinde wote, kitenzi ni kilekile.

Na Kiswahili? Kiswahili kina njia zote mezani. 'Ananishinda urefu.' 'Amenizidi umri.' 'Asali ni tamu kupita sukari.' Hata kuliko, ambayo vitabu vyetu huiita kiunganishi na kuiacha hapo, ukiifungua ni ku-li-ko, yaani 'pale alipo', mahali. 'Juma ni mrefu kuliko Ali' ni kusema kwamba Juma ni mrefu ukimtazama kutoka pale Ali alipo. Tena kuliko haihitaji kivumishi hata kidogo. 'Heri nusu shari kuliko shari kamili': kivumishi kinachopandishwa daraja kiko wapi hapo? Heri ni nomino.

Ndipo tunapofika kwenye kiini cha manung'uniko yangu. Jedwali la '-zuri, -zuri zaidi, -zuri kabisa' linalofundishwa kama daraja tatu za kivumishi cha Kiswahili ni lugha ya kubuni. Alilibuni mtu aliyekuwa na sarufi ya Kiingereza mezani, akatafuta maneno ya kujazia vyumba vitatu vilivyokuwa tayari vimejengwa. Chumba cha tatu kilimsumbua, akaweka kabisa. Lakini kabisa haishindanishi. Naweza kusema wasichana mia mbili katika harusi ni wazuri kabisa na nisimuudhi hata mmoja. Nikisema fulani ni mzuri kuliko wote, natafuta ugomvi.

Zaidi ya hayo, jedwali hilo linadhani kwamba sifa hukaa katika vivumishi. Kiswahili kina vivumishi asilia vichache. Sifa nyingi tunazisema kwa nomino na kitenzi: ana nguvu, ana hekima, amenona, amekonda, anajua. Utawapandishaje hao daraja katika safu tatu? Mwanafunzi aliyefundishwa jedwali hubaki bubu, au huandika 'ni zaidi nguvu', na nimesoma hata 'huyu ni zaidi mrefu kuliko yule', Kiingereza kitupu kilichovaa herufi zetu. Aliyeachwa afuate lugha ya mama yake angesema 'anamzidi nguvu', na angekuwa amesema Kiswahili ambacho mtu wa Unguja hatakikunjia uso.

Wako watakaoniambia kwamba Kiswahili Sanifu chenyewe ni cha kuundwa, na hivyo hapana haja ya kulia juu ya jedwali moja. Ni kweli kwamba kilisimamiwa. Kamati ya lugha ya maeneo manne, Uganda ikiwemo, iliundwa mwaka 1930, na mwaka 1952 makao yake yalihamishiwa hapahapa Makerere. Lakini usanifishaji ulichagua lahaja ya Unguja, ambayo ilikuwa na wasemaji, watoto na watukanaji. Hata Runyakitara, iliyoundwa kwa kuzikusanya Runyoro, Rutooro, Runyankore na Rukiga, ilibidi ichague kutoka kwa yaliyokuwa yakisemwa. Jedwali letu halikuchagua kutoka kwa msemaji yeyote.

Jambo hili lingekuwa mzaha wa idara kama wanafunzi wetu wangebaki idarani. Hawabaki. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya kuwa cha lazima katika vidato viwili vya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hawa waliochora majedwali sita ndio watakaosimama mbele ya watoto wa Mbale, Arua na Kabale. Watoto hao wataingia darasani wakiwa na okusinga, na loyo, na okukira midomoni, ambavyo ni nusu ya njia ya kufika kwenye Kiswahili, na mwalimu atawaambia waviache mlangoni ili wafundishwe Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili.

Nami nina deni. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi aliandika katika mtihani, 'Kaka yangu ananishinda urefu.' Nilikata alama mbili, nikaandika pembeni: 'tafsiri sisisi ya Luganda'. Niliiona karatasi hiyo tena nilipokuwa nikitafuta mifano ya makala haya. Kosa lililokuwepo kwenye ukurasa huo lilikuwa kwa wino mwekundu.

Niliyarudishia makundi kazi zao nikawaomba watengeneze upya sehemu ya pili, bila neno 'daraja'. Wiki iliyofuata kundi la Gulu lilikuja na kitenzi kimoja, waliyemlinganisha akiwa mtendwa wake, na sifa ikifuata nyuma kama nomino. Mwenzao mmoja wa kundi jingine, mtu wa kubisha, akauliza watasemaje 'wa tatu kwa urefu'. Walijadiliana kwa muda, kisha wakajibu: 'amepitwa na wawili'. Hakuna lugha yoyote ya kubuni kati ya zile nne nilizozitaja iliyonipa jibu la kupendeza hivyo.

Katika mwongozo wa kusahihisha wa muhula huu nimeongeza mistari miwili. 'Ananishinda urefu', 'amenizidi umri' na 'ni tamu kupita' zipewe alama zote. 'Watoto nane' bado ni kosa na alama ikatwe, lakini msahihishaji aandike pembeni: munaana haifuati nomino, nane inafuata.